Kasoro ya Kila Shubiri

Mkaguzi alifika saa tatu kasorobo, ilhali miadi ilikuwa saa tatu kamili. Robo saa ile aliiiba kwa makusudi. Miaka mingi ya kazi ilimfunza kwamba mwenye kuficha jambo hulificha dakika za mwisho, naye alitaka kuwakuta wanaushirika wangali na vumbi la kufukia mikononi.

Vumbi hakulikuta. Alikuta ukumbi uliofagiwa ukafagiwa tena, na wanawake tisa wamekwisha kuketi safu tatu, miguu wameinyoosha, vilemba vya rangi moja vichwani, kila mmoja na ukili wake mapajani. Jengo hilo zamani lilikuwa ghala la nafaka, na mabati yake yaliyotoboka yalidondosha vijiduara vya jua sakafuni. Kando ya ukuta yalipangwa mabeseni ya rangi na mafungu ya ukindu uliopasuliwa chane nyembamba. Pembeni ilisimama mikeka arobaini, imeviringishwa na kufungwa kamba, tayari kwa safari. Nyuma kabisa palikuwa na mlango mmoja wenye kufuli.

Kilichomtia shaka mwanzo si kufuli, bali ukimya. Wanawake tisa chini ya paa moja, na hakuna hata mmoja anayemwambia mwenzake "hebu nisogezee maji"! Mkaguzi alizaliwa nyumba ya mabinti watano. Alijua kwamba kimya cha namna ile hakiji chenyewe, mtu hukiamrisha.

"Karibu sana, bibi mkaguzi," alisema Mwenyekiti wa ushirika, mwanamke mpana mwenye miwani na sauti iliyolainishwa kwa ajili ya wageni. "Umetuheshimu mno. Tena umetuwahi."

"Nimewawahi katika nini?"

"Aa, nimesema tu, mama. Karibu chai."

"Chai baadaye. Kazi kwanza."

Mwenyekiti alitabasamu, na Mkaguzi akalitia tabasamu lile katika hesabu ya mambo ya kuchunguzwa.

Haikuwa roho mbaya. Mkaguzi alitumwa na duka kubwa la mjini lililowauzia watu wa mbali mikeka iliyosukwa kwa mkono, na sahihi yake ndiyo iliyokuwa mlango: akitia, mzigo hupakiwa na oda nyingine hufuata, asipotia, ushirika unafutwa katika orodha, nao hawa hawakuwa na mnunuzi mwingine. Kwa miaka kumi na mmoja sahihi hiyo haikuwahi kupingwa. Mwaka jana, katika kijiji kingine, alikaribishwa vizuri, akakirimiwa, akaoneshwa mikeka iliyokwisha kusukwa, akasaini. Mikeka ile ikabainika kuwa ni ya kiwandani, imefukizwa moshi ili inukie ukindu. Mwenye duka hakumpigia kelele. Alimwambia tu, mbele ya makarani, "Labda macho yamechoka, mama." Tangu siku hiyo alijiwekea sharti: hatatia tena sahihi juu ya kitu ambacho jicho lake halikukiona kikitengenezwa. Akikosea mara ya pili, neno lake halitakuwa neno tena, wala hatakuwa na la kumjibu Mola wake juu ya amana aliyopewa.

Akavua viatu, akafungua mkeka wa kwanza, akatoa rula.

Mkeka ulikuwa mzuri. Ulilala sakafuni kama maji yaliyotulia. Mkeka, kwa asiyejua, haufumwi mzima mzima. Kwanza husukwa ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vitatu au vinne, kisha tepe zile hushonwa ubavu kwa ubavu. Na kila msukaji ana mkono wake. Huyu hukaza, yule hulegeza, na ukichanganya kili za mikono miwili katika mkeka mmoja, utaona umepanda hapa na kushuka pale kama kitanda cha mgonjwa. Mama yake Mkaguzi alikuwa msukaji. Mambo haya aliyanyonya pamoja na maziwa.

Akafungua mkeka wa pili, wa tatu, wa saba. Yote ilikazwa sawasawa. Akapitisha kidole gumba juu ya ukili, na hapo akaigundua kasoro. Kila baada ya shubiri moja, uchane mmoja ulilegea, ukainuka kidogo mfano wa kope la mtu anayeanza kuamka. Akapima. Shubiri moja, kasoro. Shubiri moja, kasoro. Akaenda kwenye mkeka wa ishirini, akaenda kwenye wa arobaini. Kasoro ile ile, mahali pale pale.

Mikeka arobaini, na mkono mmoja! Mtu mwenye kidole kibovu, pengine, kinachochoka kila baada ya shubiri. Basi hawa tisa wenye vilemba vipya walikuwa nini? Mapambo? Na huyo mwenye kidole yuko wapi, na anasukishwa na nani, na kwa malipo gani?

Alisogea kwenye safu, akainama juu ya kili zilizokuwa zikisukwa wakati ule. Wa kwanza ulikazwa hata ukajikunja. Wa pili ulilegea. Wa tatu ulikuwa mpana kuliko zote, na msukaji wake, mama wa makamo waliyemwita Mama Pacha, alikuwa akitokwa na jasho juu ya mdomo. Mikono tisa, kili tisa, na hakuna hata mmoja uliofanana na mikeka ya pembeni.

"Mwenyekiti," aliita polepole, "mikeka hii imesukwa na nani?"

"Na sisi, mama. Sisi hawa hawa."

"Nyinyi tisa?"

"Tisa. Mimi hushika daftari tu. Hatujapungua, hatujaongezeka, alhamdulillahi."

"Nioneshe mlango ule una nini."

Mwenyekiti alisita. Kusita kwenyewe kulikuwa kufupi, lakini Mkaguzi alikuona. Funguo zilitafutwa kiunoni, zikatafutwa mkobani, zikapatikana chini ya beseni. Mlango ulipofunguliwa, ndani mlikuwa na magunia ya rangi, kiti cha miguu mitatu, na vyombo vya chai vichafu vilivyosukumizwa humo kwa haraka ili mgeni asivione.

"Aibu ndogo ndogo," alinong'ona Mwenyekiti.

"Nyoosheni mikono," Mkaguzi aliwaambia wanawake. "Nataka kuona vidole."

Wakanyoosha. Alipita akikagua gumba moja baada ya jingine, akikunja na kukunjua. Alipofika kwa mwanamke mwembamba wa safu ya pili, mwenye macho yasiyotulia, mwanamke yule hakuweza kujizuia.

"Kama ni pete ya uchumba, bibi, mimi nimeshaolewa."

"Chiriku!" alifoka Mwenyekiti. "Samahani, mama. Huyu ni wifi yangu. Mdomo wake hauna kizuizi. Tumemwambia leo aufunge, na unaona mwenyewe."

"Mbona mmemwambia aufunge?"

"Kwa adabu, mama. Mgeni akiwapo, watu hutulia."

Vidole vyote vilikuwa vizima. Mkaguzi akaona kana kwamba anazungushwa katika nyumba isiyo na mlango. Hakuna kidole kibovu, hakuna mtu chumbani, na bado kili tisa hazisemi lugha moja na mikeka arobaini. Hata hivyo aliendelea kupekua hadi adhuhuri ikaingia, na faradhi haisubiri upelelezi. Akaomba mahali pa kuswali. Wakampa kichumba kando ya ukumbi, kimetenganishwa na ukuta wa mbao.

Kabla ya kwenda alifanya jambo moja. Alitoa mkobani uzi mwekundu, akafunga kipande katika kila ukili, pale pale msukaji alipofikia.

"Endeleeni na kazi," akasema. "Nikirudi nitajua kilichosukwa nikiwa sipo."

"Kama kuku wa kutiwa alama asiibwe," alisema Chiriku kwa sauti ya chini, na Mwenyekiti akamkanyaga kidole cha mguu.

Mkaguzi aliswali, ingawa Mungu anajua moyo ulikuwa upande gani wa ukuta. Alipotoa salamu ya pili, akasikia. Ukumbini palikuwa na mvumo, kitu cha kupanda na kushuka kwa kipimo, sauti nyingi zikienda pamoja kama mapigo ya michi kinuni. Maneno hayakupenya mbao. Kisha kicheko, kikubwa, kifupi, kikakatika. Mvumo ukaanza tena. Kicheko tena.

Basi wapo! aliwaza. Wameingizwa. Kikosi kizima kimeingizwa kwa mlango wa nyuma, kisuke haraka, kitoke. Hakumaliza hata uradi wake. Aliufungua mlango kwa kishindo.

Wanawake tisa. Safu tatu. Kimya.

"Nani aliingia humu?"

"Hakuna, mama," alisema Mwenyekiti, na safari hii sauti haikuwa laini tena.

Mkaguzi akapiga magoti penye ukili wa Mama Pacha. Chini ya uzi mwekundu, ukili mpana, wenye kwenda mrama. Juu ya uzi mwekundu, ukili ulionyooka, umekazwa kwa kiasi, upana wa vidole vitatu. Akapima shubiri. Uchane mmoja umelegea. Akaenda kwa mwenye kukaza, akaenda kwa mwenye kulegeza. Kuanzia kwenye uzi, wote tisa walikuwa mtu mmoja.

"Mmenichezea," alisema. "Yuko wapi? Nasema yuko wapi huyo anayewasukia? Msiponiambia, naondoka sasa hivi, na karatasi yenu itabaki tupu."

Mama Pacha akaanza kulia. Hapo ndipo aliponena mzee wao, waliyemwita Shangazi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua kichwa.

"Mwenyekiti, mwambie. Adabu yako itatuua njaa."

"Nimwambie nini sasa, Shangazi?"

"Basi nitasema mimi. Bibi mkaguzi, sisi husuka kwa utenzi. Mmoja hutoa mshororo, wengine huitikia, na kila silabi uchane mmoja hupita chini, mwingine juu. Mwaka wa kwanza duka lilituandikia kwamba mikeka yetu haifanani. Tukakaza, tukalegeza, wapi! Hata siku moja tukaimba, mikono ikaenda pamoja. Tangu hapo hatujasuka kimya, ila leo. Leo tumeambiwa mgeni ni mtu mkubwa, tukae kama tuko msikitini. Na mikono ikatupotea."

"Na kasoro? Kila shubiri, uchane mmoja?"

Wanawake walitazamana. Shangazi akajikuna shingo.

"Shubiri moja ni ubeti mmoja. Mwisho wa ubeti ndipo tunapocheka. Mtu akicheka, gumba hulegea."

Mkaguzi alikaa kitako sakafuni. Lilikuwa jibu lililotosheleza kila kitu, na kwa sababu hiyo hiyo alizidi kulishuku. Mwaka jana pia majibu yalitosheleza.

"Mlikuwa mnacheka nini nikiwa chumbani?"

Wanawake wakainamia kili zao.

"Nimeuliza."

"Utenzi ni wa Chiriku," alisema Mwenyekiti upesi. "Mimi simo."

"Haya, wifi, nizike mapema," alisema Chiriku. Akameza mate, akatazama mabati, akasoma harakaharaka:

*Mkaguzi katujia,*
*Na rula kashikilia,*
*Mkeka kaupimia*
*Kama kanzu ya harusi.*

Mkaguzi hakutaka, lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuhesabu. Mizani minane, kila mshororo, bila pengo. Marehemu baba yake, mwalimu wa chuo, alimlea katika vipimo vile hata akawa anaweza kumsikia mtu akiruka mzani mmoja akiwa chumba cha pili.

"Nilisikia vicheko viwili," akasema. "Huo ni ubeti mmoja."

"Wa pili nimeusahau, bibi."

"Umeutunga hata nusu saa haijapita."

"Ndiyo sifa ya kichwa changu. Huingia na kutoka."

"Useme."

Chiriku aliinamisha uso. Sauti yake, alipoanza, haikuwa ya mzaha hata kidogo.

*Mwaka jana kaonyeshwa,*
*Ya mashine akalishwa,*
*Kasifia, kakomeshwa,*
*Mumewe ni wasiwasi.*

Kumbe habari zake zilikuwa zimemtangulia. Kumbe tangu asubuhi, alipokuwa akiwakunja vidole, kila mmoja wao alijua habari ya mikeka ya moshi na maneno ya mwenye duka. Fedheha ikampanda toka tumboni hadi masikioni. Kalamu ilikuwa mkononi. Kuandika "hapana" kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na nani angemlaumu? Hakuona mikeka ikisukwa. Kanuni ilikuwa upande wake, na kisasi kingevaa nguo za kanuni, kisijulikane.

Akasema kimoyomoyo, astaghfirullah, akaiweka kalamu chini.

"Nilichoona ni nyuzi," aliwaambia. "Kilichofanyika kati ya nyuzi sikukiona, na kisichoonwa na jicho langu sikisaini. Basi fanyeni mbele yangu. Utenzi huo huo. Nataka ukili unaofanana, na nataka kasoro."

Akafunga nyuzi mpya. Chiriku akatoa mshororo kama anayesoma barua ya msiba. Wenzake wakaitikia. Na kweli, Mkaguzi aliona kwa macho yake: mikono kumi na minane ikaingia katika mwendo mmoja, chane zikapita juu na chini kwa pamoja, kili zikanyooka. Lakini ubeti ulipofika tamati, hakuna aliyecheka. Nani angecheka, mwenyewe kakaa hapo na macho mekundu?

Akapima. Kili zilifanana. Kasoro hakuna.

"Haitoshi," alisema. "Mikeka arobaini ina kasoro, hii haina. Nikimpelekea mwenye duka maneno haya, atasema ni mikono mingine."

"Chekeni!" aliamuru Mwenyekiti. "Jamani, chekeni, mnataka kuniaibisha?"

Wakajaribu. Walirudia ubeti, na mwishoni wakatoa kitu kilichofanana na kikohozi cha mbuzi, huyu mapema, yule akichelewa. Chane zikalegea ovyo, kila ukili mahali pake. Shangazi alitikisa kichwa.

"Kicheko hakiamrishwi, Mwenyekiti. Hata chozi lina nafuu."

"Basi tumekwisha," alisema Mama Pacha.

Mkaguzi alizitazama kili tisa zilizokataa kumpa ushahidi. Alijua sasa, kwa yakini iliyokuwa karibu na ujuzi, kwamba wanawake hawa walisema kweli. Alijua pia kwamba kweli ile haikuwa na mguu wa kusimamia, kwa kuwa yeye mwenyewe, kwa kukaa pale na rula na uso wake, aliuvunja mguu huo. Kuondoka ukumbini asingeweza: asipoona, hasaini. Kubaki, hawacheki. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulimtaka ainame.

Akakohoa. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Shikeni kili zenu," akasema. "Mshororo natoa mimi."

"Wewe, mama?" Mwenyekiti aliduwaa.

"Baba yangu alikuwa na fimbo na mizani. Vyote viwili alinifunza. Itikieni."

Sauti yake ilikuwa kavu, lakini kipimo kilikuwa timamu, na mikono ya wasukaji ikakishika hata kabla ya masikio yao kuamini:

*Hata chai naipima,*
*Sukari naitazama,*
*Wifi akinena jema*
*Namuitia polisi.*

Kisha Chiriku, aliyekuwa amekodoa macho kwa Mwenyekiti, alipasuka kama gunia la dengu. Shangazi akajipiga paja. Mama Pacha, mwenye machozi yasiyokauka, alicheka hata kilemba kikamteremka machoni, na Mwenyekiti mwenyewe, aliyejitahidi kusimama kiofisi, akajishika ukuta akisema, "Lo! Lo! Kanipata! Kanipata mimi huyu!" Kicheko kilizunguka ghala lile, kikarudi, kikaanza upya kila Chiriku alipojaribu kusema neno "polisi" akashindwa.

Mkaguzi hakucheka. Alikuwa amekwisha kupiga magoti na rula yake. Ukili wa kwanza: shubiri moja toka kwenye uzi, uchane umeinuka. Wa pili, pale pale. Alitambaa safu hadi safu, akiwaomba wasogeze miguu, nao wakisogeza huku mabega yakitetemeka. Wa nane, pale pale. Wa tisa, pale pale. Kisha alirudi kwa wa kwanza, akazipima zote tisa tena kutoka mwanzo, maana ndivyo alivyoumbwa, na safari hii hakuna aliyenuna.

Akaenda kwenye meza ya Mwenyekiti, akafungua fomu ya duka. Penye swali la nani aliyeisuka mikeka, aliandika: *Wasukaji tisa, kwa mikono yao. Nimeona.* Penye nafasi ya kasoro, alifikiri sana, akaandika kwamba ipo moja kila shubiri, kwamba chanzo chake anakijua na haidhuru mkeka, na kwamba duka lisiagize iondolewe. Akatia sahihi. Mwenyekiti, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, akashusha pumzi ndefu, akaenda kimyakimya kutia chai.

Chiriku alisogea, akikunja ukili wake, kwa unyonge ambao haukumkaa vizuri.

"Bibi, ule ubeti wangu wa pili. Unisamehe."

"Mizani yake ilikuwa sawa."

"Lakini wewe kweli una wifi? Au ulitunga tu?"

"Ninaye," alisema Mkaguzi, akiandika tarehe. "Na polisi wa mtaani kwetu wamechoka."